Upole Uliomtia Shaka Baba Mkubwa

Niliporudi mtaani kwetu Buyenzi, baada ya kuchoka na kazi ya kupaka rangi huko Mutakura, nilikuta watu wamekuwa wapole kwa baba mkubwa. Hilo peke yake lilinitia shaka. Yeye anauza vipuri vya magari vilivyokwisha kutumika, na mafundi walikuwa hawamsalimu bila kumchokoza.

"We muzee, hii dinamo uliifukua kwenye makaburi?"

"Ndiyo. Nilikuta babu yako ameilalia."

Sasa walikuja na sauti za chini kama wanaomtembelea mgonjwa, wakachukua kifaa, wakashukuru, wakaondoka.

Mama mkubwa alinivuta jikoni. Shangazi yangu wa Uvira, dada mkubwa wa baba mkubwa, alikuwa amefariki siku tisa nyuma na kuzikwa. Mtaa mzima ulijua isipokuwa baba mkubwa mwenyewe. Matanga yalifanyika kwa jirani, kimyakimya.

"Ukimwambia, umemuua," alisema.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa moyo mwaka uliopita. Kwa kuwa niliacha shule kabla ya kuona hata picha ya moyo, nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Alinieleza kwamba mishipa inayoulisha moyo wa mzee imekuwa myembamba. Akibeba kitu kizito, moyo unataka damu zaidi na mishipa haiwezi kuipitisha. Lakini hofu na hasira nazo ni mzigo. Moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, na mishipa yenyewe inaweza kujibana, hata mtu akiwa ametulia kitini. Nilirudi nikawaeleza wote nyumbani. Wao wakashika neno moja tu: asisikie habari mbaya. Kwa hiyo kosa lilianzia mdomoni mwangu.

Siku nne nilikaa barazani nikimchunguza. Hakunyanyua hata spana. Hata hivyo maneno yalimkatika, akaweka kiganja kifuani, akapapasa mfukoni kutafuta kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Siku ya kwanza ilikuwa mara moja. Siku ya nne, mara tatu, na kila mara kulikuwa na mtu aliyenyamaza ghafla alipomwona anakuja.

Alasiri hiyo aliniita.

"We ulienda na mi kwa munganga. Alikuambia nini niliposhatoka?"

"Hakuna kitu, baba mukubwa."

"Usinidanganye. Yule fundi wa breki jana ameniita 'muzee wetu mupendwa'. Yule! Munaniaga. Nimebakiza siku ngapi?"

Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso. Nikaelewa kwamba siku zote hizo alikuwa akijizika peke yake, huku sisi tukidhani tunamlinda. Nilimketisha, nikasogeza vidonge karibu na mkono wake, nikamwambia kwamba si yeye. Ni shangazi.

Alinitazama kana kwamba hata hilo lingeweza kuwa uongo mwingine. Kisha akaweka kidonge chini ya ulimi.

"Nani alimuosha?"

"Mabinti zake."

"Aliteseka?"

"Apana. Siku mbili tu."

Akalia. Mimi nami nikalia, kwa mara ya kwanza, maana tangu nifike nilikuwa na kazi ya kuficha uso.

Mama mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kama anakufa, ni we!" Sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Habari kwamba ameambiwa ilienea, na kabla ya magharibi mafundi walileta mikeka, wakaketi kumsomea marehemu, na baba mkubwa akapokea pole zake. Kila mkono wake ulipogusa kifua niliinuka, kwa sababu sikujua kama ni moyo au ni msiba. Mara ya tatu akanishika suruali mbele ya wote.

"We mutoto, kaa chini. Unanitisha kupita munganga."

Fundi wa breki akacheka, kisha akajifunika mdomo. Nikakaa, lakini nilichagua mahali ambapo ningeuona uso wa baba mkubwa.