Kamera Ilipima Shuka

Siku baba mkwe wangu alipokuja kutibiwa goti, mwenzangu wa kiume kazini alikuwa msibani Kituntu. Idara yetu ya mazoezi ya viungo ilikuwa na wataalamu wawili tu, kwa hiyo nilibaki mimi. Mzee alikuwa ametoka Nyakatuntu alfajiri, akashuka basi Omurushaka, akaukokota mguu hadi hospitali. Goti lilikuwa limekakamaa tangu ng'ombe wake mmoja alipompiga teke. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akitazama dirishani.

Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Paja lake haruhusiwi hata kuliona. Mimi nimesoma chuo, nimeshika miguu ya wanaume wa wilaya mbili bila kupepesa jicho, lakini yule alikuwa baba wa mume wangu, na heshima nilifundwa kabla ya utaalamu wowote.

Tulikuwa na kamera ya joto, kidude cha kuchomeka kwenye simu. Unamwelekezea mgonjwa, inakuonyesha kwa rangi jinsi ngozi ilivyopata moto: kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Humgusi mtu hata kidogo. Siku ile niliiona mkombozi wangu. Nikampa mzee mfuko wa joto wa kukandia goti auweke mwenyewe, nami nikageukia ukutani. Nilipogeuka, alikuwa amejifunika shuka kuanzia kiunoni hadi nyayo.

Sasa nisemeje? Kamera ile inapima kile inachokiona, basi. Ukiiwekea shuka mbele, inapima shuka. Nililijua hilo, ndilo la kwanza tulilofundishwa. Wagonjwa wengine nawaambia kila siku kwamba mficha uchi hazai, na blanketi nawafunua mwenyewe. Kwa mzee yule nikashikwa na kigugumizi. Nikasimama mbali, nikapiga picha, ikatoka kijani safi, nikaandika kwenye faili kwamba joto ni salama.

"Baba, haukuchomi?"

"Hapana, mwanangu. Endelea tu."

Hakunidanganya. Kisukari kilikuwa kimeutia ganzi mguu ule hadi gotini, na mwenyewe hakujua. Ningejua mimi, laiti ningemgusa ngozi kwa kitu cha moto na cha baridi kabla ya kuanza, kama ninavyomfanyia mtu mwingine yeyote. Dakika ishirini nzima nililinda kitambaa, na mguu wa mtu unaungua chini yake.

Malengelenge yalitoka jioni ile. Mama mkwe akayapaka samli, na hakuna aliyenipigia simu, maana nani amweleze mke wa mtoto habari za mguu wa mzee? Habari zilinifikia wiki ya pili, kidonda kikiwa tayari kinanuka. Daktari wa upasuaji akakata juu ya goti.

Ukoo ulikaa ukasema ni mapenzi ya Mungu. Ningeshukuru kama wangenitukana. Mungu hakushika kamera ile, niliishika mimi, na nilijua inaonyesha nini. Nina hasira na mila, nina hasira na mzee kwa aibu yake, lakini nikilala hasira hizo zote hugeuka na kunirudia.

Sasa mzee anaishi kwangu. Mikono ya mama mkwe inatetemeka, na wanawe wa kiume wakiona kidonda wanatoka nje, basi ukoo uleule uliamua kwamba mimi ndiye mwenye utaalamu. Hakuna aliyetaja mwiko. Mguu ulipokuwa mzima haukuguswa, ila kigutu nakiosha kila asubuhi kwa mikono yangu miwili, nakikausha, nakifunga bendeji, naye ametazama pembeni.

Juzi, kwa mara ya kwanza, alinitazama usoni.

"Siku ile ungenigusa tu, mwanangu," akasema.

Nikaendelea kufunga.