Santuri Sita Zisizotajwa Kanisani

Ijumaa iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, wanawake wawili wa kamati ya mazishi walibisha hodi kwetu, ghorofa ya sita, Joubert Park, Johannesburg, wakatuambia kwamba bibi wa mlango wa tatu kutoka kwetu amefariki. Amefariki lini? Jumanne, hospitalini. Anazikwa lini? Kesho. Mama yangu alikuwa ameshika mwiko, akabaki ameushika vilevile. "Siku tatu mnakaa na habari, na sisi ndio tuliokuwa tukimpikia uji?" Mkubwa wao, mwenye mkoba mweupe, akasema, "Eish, mama, utusamehe, mipango ilikuwa mingi," kisha akanigeukia mimi. "Njo weye unaandikaka kwenye gazeti?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndimi. Kumbe hawakuja kutupa habari ya msiba. Walikuja kutafuta mwandishi wa wasifu wa marehemu, kwa kuwa Kiswahili changu ni cha shule ya Tanga na chao, walisema wenyewe, ni cha sokoni.

Ninyi mnaolisoma jarida hili kwenye saluni za La Rochelle na maduka ya mtaani kwetu mnajua kuwa ukurasa huu si wa kusifu ovyo, basi nianze na ukweli. Sikumpenda sana. Alikuwa mkali, mchokozi, na alipenda kunidhihaki mbele za watu kwa sababu mimi sauti yangu haitoki kwa urahisi. Tulimwita Kambo, kama Wakongo wa Katanga wanavyowaita bibi zao. Nikipita koridoni nimeinamisha kichwa, ataita, "Weye mutoto ya Tanga! Salamu unalipisha?" Nikimwamkia shikamoo, anakasirika zaidi: "Shikamoo ya nini? Mi siko mufalme. Sema jambo, upite." Siku moja alinitoa machozi mbele ya wasichana wa saluni, kisha akasema wazi kwamba ninalia vibaya, bila pumzi, na kwamba mtu asiyejua kuvuta pumzi hata kulia hawezi.

Pumzi aliijua yeye. Miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, akiwa na miaka kumi na tisa, aliimba katika santuri sita huko Lubumbashi, nyimbo za kulalamika na kusuta, wakati ambapo mwanamke kusimama mbele ya mashine ya kurekodi lilikuwa jambo la kusemwa mtaa mzima. Alinisimulia nikiwa ninamsuka nywele, yeye ameketi sakafuni, mimi kitandani. "Sauti yangu ilikuwa nguvu, inaharibu mashine. Mupiga gitaa bakamuweka karibu. Miye bakanisimamisha kwa mulango. Nikaimba na watu ba barabara banapita nyuma yangu." Nikamuuliza kama aliona vibaya. "Vibaya ni ile karatasi ya katikati ya diski. Bakaandika jina ya mupiga gitaa, kisha bakaandika 'na mwenzake'. Miye njo mwenzake! Diski tano, mwenzake, mwenzake." Ya sita alikataa kufungua mdomo mpaka waandike jina lake. Walimwacha amesimama palepale kuanzia asubuhi hadi jioni, wakidhani atachoka. Wao ndio waliochoka. Hiyo ya sita ndiyo pekee aliyobaki nayo, ameifunga kwenye kitenge chini ya godoro, wala hakuwa na kitu cha kuipigia. Miaka yote ya Johannesburg hakuisikia. Aliitoa tu, akaitazama, akairudisha.

Siku ileile aliniambia neno ambalo ndilo lililonitia kwenye matatizo. "Siku nitakufa, bataandika. Weye njo utaandika, juu hauogopi kalamu. Uandike sita zote." Akanitajia nyimbo moja moja, nami nikazinakili kwenye daftari langu: Mume wa Mishahara Miwili, Nimekataa Kupika, Mkwe Hana Haya, na nyingine tatu. Nikamwitikia kwa kichwa. Kwa mtu kama mimi, huko ndiko kuapa.

Sasa sikilizeni wale wanawake walivyonisomea kutoka kwenye karatasi yao. Alikuwa mama wa nyumbani. Aliokoka. Alipenda kufagia kanisa. Mama yangu akauliza, "Na zile santuri zake?" Mwenye mkoba mweupe akacheka kidogo. "Mama, ile ni mambo ya baa. Tunazika mukristo, hatuziki ngoma. Na alisha kutubu." Uongo! Walipomtaka atubu nyimbo, Kambo alisimama mbele ya kanisa zima akatubu kuwasengenya wanakwaya, akawataja na makosa yao. Nilijua hilo, mama yangu alijua, jengo zima lilicheka wiki nzima. Nami nikachukua kalamu. Niliandika walivyotaka, nikaenda duka la kompyuta, nikachapa, nikatoa nakala arobaini. Walizipitia palepale dukani. "Muzuri sana, binti. Una kipaji." Sijawahi kusifiwa nikajisikia mchafu namna ile.

Hasira yangu si kwa kanisa, maana lilimpelekea chakula alipougua, na hilo nalisema. Hasira yangu ni kwa tabia yetu sisi tulio ugenini. Mtu akifa hapa Johannesburg tunamvalisha wasifu mmoja kama sare ya shule: mcha Mungu, mpole, mpenda watu. Na hata sare hiyo wanaume wanashonewa kwa vipimo vyao. Mwaka jana tulimzika bwana mmoja aliyeuza simu za wizi Newtown, na wasifu ukasema mfanyabiashara hodari. Mwingine alipiga gitaa baa hadi ini likamwisha, akaitwa msanii mkongwe, na kamati hiyohiyo ikampigia makofi. Mwanamke aliyeimba kabla ya wote hao ndiye aliyebaki na ufagio. Na aliyemshikisha ufagio huo ni mimi, mwandishi wenu, kwa mwandiko safi na koma mahali pake. Mwoga akijua kuandika anadhuru kuliko mwoga asiyejua, kwa sababu uongo wake unasomeka vizuri. Tunatumwa kuwaosha maiti, na ni kazi ya heshima, lakini maisha ya mtu hayaoshwi. Ukali wake, matusi yake na nyimbo zake viachwe vilivyo, la sivyo tunamzika mtu tusiyemjua na yule tuliyemjua hazikwi popote.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimeazimia kuchapa upya. Umeme ulikuwa umekatwa mtaa mzima, duka la kompyuta limefungwa. Basi nikakaa jikoni na zile nakala arobaini na kalamu tatu. Nyuma ya kila karatasi niliandika kwa mkono: Aliimba katika santuri sita, Lubumbashi. Chini yake, nyimbo zote sita. Mama yangu aliamka, akatazama, akaniwekea chai bila kuuliza. Nilimaliza ya arobaini saa mbili na nusu, vidole havikunjuki. Kanisani La Rochelle nikasimama mlangoni, mahali ambapo siku zote hupita mbio, nikazigawa moja moja. Mwenye mkoba mweupe alipofika nilimpa yake kama wengine. Akaitazama upande wa mbele, akatabasamu, akaanza kuingia. "Mama," nikamwita, na kwa mara ya kwanza sauti ilitoka yote, watu wa nje ya geti wakageuka. "Soma na nyuma."