Mchezo wa Maneno Tulioutunga Ikwiriri

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu pale Ikwiriri alikuwa anauza kitu au anangoja basi. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kutoka bara, na kutulia nilikuwa siwezi. Kengele ya mwisho ikishalia tu, mguu njiani, mpaka kwenye duka la kuchapa barua la dada mmoja mzaliwa wa Maparoni, kule kwenye delta ya mto. Alikuwa amenunua kompyuta kuukuu ya mradi uliofungwa, na wateja wakikosekana aliniachia niichezee. Humo tulikuta mchezo wa Kiingereza usio na picha hata moja: mashine inakueleza ulipo, nawe unaandika unachotaka kufanya.

"Huu tunauweza," dada akasema. "Tena kwa Kiswahili."

Basi tukaanzisha kampuni, yeye na mimi. Yeye alitunga safari: mtu kapotea na mtumbwi kwenye vijito vya mikoko, maji yanakupwa, anatafuta njia ya kwao. Mimi niliandika programu, na Kiswahili kikanitoa jasho. Mchezaji mmoja angeandika "chukua kasia", mwingine "nalichukua", wa tatu "nilichukue?" Kila neno nililoifundisha mashine lilikuja na ukoo wake mzima.

Siku tuliyowafungulia wateja, mzee mmoja muuza samaki alikaa mbele ya kioo. Mchezo ulipomfikisha kwenye nyumba ya mvuvi, akaandika kwa kidole kimoja: HODI.

Mashine ikajibu: SIELEWI.

Mzee akasukuma kiti nyuma. "Mwalimu, nyumba gani hii? Mtu anabisha hodi, anaambiwa sielewi?"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kesho yake nilitoroka kikao cha walimu nikaongeza karibu, shikamoo na marahaba. Tangu hapo duka likajaa watu, wakisoma kwa sauti na kubishania kijito cha kupita.

Tukaona Ikwiriri imetubana. Tukapanda basi na disketi zetu hadi Dar es Salaam, kwa bwana mmoja muuza kompyuta. Aliandika maneno mawili matatu, akatugeukia.

"Picha zinaanzia wapi?"

"Hakuna picha," dada akasema. "Unaiona kichwani."

"Vya kichwani siuzi, dada yangu."

Njia nzima ya kurudi nilipiga mahesabu ya kuchora mikoko kwa nukta. Basi liliposimama Kibiti ili abiria wapate kula, dada alisema bila kunitazama, "Ulipotoka nje, yule bwana aliniomba nikamfanyie kazi. Nimekubali."

"Na kampuni?"

"Kampuni ni wewe na mimi. Wewe mwenyewe unaweza kukaa mahali?"

Aliondoka na kompyuta yake kabla ya mvua. Niliendelea kuandika programu kwenye karatasi, zisizo na pa kuendeshwa, hadi shule zilipofungwa. Kisha nikaomba uhamisho, na baadaye mwingine. Kila kituo kipya, kabla sijauliza nyumba ya mwalimu iko wapi, niliuliza kama kuna ofisi yenye kompyuta.