Viti vya Jirani Vilivyokwenda Kilioni

Nilipomaliza chuo na kuanza kungoja kazi kwenye kampuni ya shaba, nilipanga chumba Hewa Bora, katika mtaa ambao kila mtu alisema hauna wezi. Maneno hayo yalininyima usingizi. Watu wakishasema hakuna nyoka, nani tena anaangalia majani? Pale ambapo milango haifungwi mwizi hahitaji ufunguo. Anahitaji kujua desturi tu.

Na desturi yetu ilikuwa hii: kukiwa na kilio, ndugu za waliofiwa hupita nyumba kwa nyumba wakichukua viti. Hakuna anayewakatalia. Mwenye nyumba asipokuwepo, viti hubebwa tu, naye huambiwa baadaye.

Jirani yangu, mama mjane wa watu wa Maniema, alikuwa na viti sita vya mbao alivyochongewa na marehemu mumewe. Asubuhi moja alikwenda Mokambo, mpakani, kununua vitenge.

"Weye unaogopaka hata kivuli yako," aliniambia akicheka. "Basi utaniangaliria nyumba."

Adhuhuri nikamwona mwanamume nisiyemjua barazani kwake, akipanga viti kimoja juu ya kingine. Shati lake lilikuwa safi mno kwa mtu wa kubeba mizigo. Ningeweza kupiga kelele za mwizi. Lakini vijana wa mtaa ule hawakuwahi kumpata mwizi hata mmoja, walikuwa na hamu naye, na nilijua wasingeuliza swali. Nikikosea, mtu ataumizwa, pengine afe. Nikinyamaza, viti vya marehemu vinakwenda. Nikavuka ua.

"Jambo, yaya," nikamwamkia kama kaka mkubwa. "Viti vinaenda wapi?"

"Ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Kule, nyuma ya reli."

Nilikuwa nimeuliza nani, yeye akajibu wapi. Nikarudia swali. Akainua viti vitatu bila kunitazama.

"Acha nikusaidie," nikasema, nikabeba vilivyobaki.

"Unanisaidia ao unanichunga?"

"Yote mbili."

"Basi beba muzuri. Usibivunje."

Alitembea haraka. Mbona amekuja peke yake? Tukavuka reli, na sikusikia wimbo wala kilio. Nikaanza kuwaza kwamba wenzake wananingoja nyuma ya ukuta fulani, na kwamba mikono yangu yote miwili imejaa viti.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na wanawake wameketi kwenye mikeka, kimya, na wanaume wamesimama. Mwanamke mmoja akaja kumpokea.

"Baba, weye mwenyewe umeenda kubeba? Na bibi yako hajazikwa bado?"

Kumbe ndiye mfiwa: alikuwa ametoka kaskazini kutafuta kazi, hakuwa na ndugu mjini wa kumtuma. Jina nililomdai barazani lilikuwa la mkewe.

Ilinipasa kuondoka hapo hapo. Sikuondoka. Msiba wa kweli haumzuii mtu mwingine kuondoka na kiti. Nikakalia kimoja, nikavitazama vingine, na kila aliyevikalia.

Wanaume waliokuwa wameanza kulalamikia bei ya unga wakanyamaza. Mmoja akaiangalia kalamu mfukoni mwangu, kisha beji ya Chama tawala kifuani pangu.

"Citoyen huyu anatoka fasi gani?" akauliza, kwa jina la "mwananchi" ambalo serikali ilitaka tuitane.

"Anaangalia sana," mwingine akanong'ona.

Enzi zile mgeni aliyeangalia sana alidhaniwa mpelelezi wa serikali, na hakuulizwa mara mbili. Watu walisogea mbali naye. Hata wanawake mikekani, walioanza kulia mfiwa aliporudi, sasa walilia kwa tahadhari.

"Iko muntu wa viti," mfiwa akasema. "Mumuache."

Hakuna aliyerudia kuongea. Nikaona kwamba nikiendelea kulinda viti vya mama, nitawanyang'anya hawa kilio chao. Nikasimama, nikampa mzee mmoja kiti changu, nikatoka. Kabla sijafika relini nilisikia sauti zikipanda nyuma yangu.

Jioni mama akarudi, akaiona baraza tupu.

"Vimeenda ku kilio," nikamwambia.

"Aa, muzuri." Akaingia ndani kupika.

Tangu siku hiyo kila mkokoteni uliopita niliuchungulia. Kilio kilipokwisha mfiwa akavirudisha mwenyewe, vimeoshwa. Nikamshika mkono, nikampa pole, macho yangu yakipita juu ya bega lake, kuelekea viti barazani.

"Iko sita," akasema, kabla sijamaliza kuhesabu.