Maji ya Msalaba wa Kimani

Asubuhi hiyo mama alikuwa anapura maharagwe uani huku akimsema jirani yetu Kimani, aliyeazima chungu chetu kizima akakirudisha kimepasuka. Mama yangu, Wambui, akianza kumsema mtu hakuwa na breki. Mimi nilikuwa napepeta na kucheka. Mara Kimani mwenyewe akatokea, na bunduki begani, na askari nyuma yake. Nilidhani amekuja kwa maneno ya chungu.

Kumbe alikuwa ameingia homugadi, wenyeji waliopewa silaha na mkoloni. Ilikuwa Hali ya Hatari, na serikali haikutaka tuwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Kwa hivyo tulisombwa makwetu tukafungiwa kijiji kimoja, hapa kati ya Ruiru na Thika. Tulibeba tulichoweza. Nyumba yetu ilianza kuwaka kabla hatujafika barabarani, na maharagwe yakabaki uani.

Baba alikuwa kizuizini, kwa hivyo kazi ya kijiji ikawa ya wanawake na watoto. Tulichimba mtaro wa kuleta bomba la maji kutoka mtoni, na Kimani, sasa mkubwa wa kijiji, alikaa kwenye kiti akituangalia. Kwenda mtoni bila ruhusa ilikuwa kutafuta kifo. Nakumbuka kiu kuliko viboko.

Siku maji yalipofika yalitoka na matope, halafu yakasafika. Mama akaweka jembe chini.

"Wambui, rudi kwa laini," Kimani akasema. "Mzungu hajafungua."

"Nimeyachimba. Nitayanywa."

Akainama, akakinga mikono.

Kimani alimpiga kisogoni na kitako cha bunduki.

Mama alianguka, uso ndani ya maji. Nilimwita. Tukaambiwa tuendelee kufukia mtaro, na tukaendelea.

Alizikwa kandokando ya bomba bila hata kijiti cha alama. Baadaye watu wa msituni walimwua Kimani, na mimi sikutoa chozi. Mkoloni akamjengea msalaba wa jiwe pale pale bombani, maji yakawa yanatokea chini yake, na jiwe likachongwa: KIMANI, ALIYEWALINDA WATU WAKE. Kila aliyetaka maji ilibidi ainame mbele ya hilo jina. Mimi sikuinama. Nilienda mtoni. Mto ulipoharibika nikakinga ya mvua, na siku hizi nanunua ya mkokoteni. Wananiita kichwa ngumu. Wacha waniite.

Lakini msidhani nilishinda. Vita vilipoisha, ardhi ilikuwa ya wale waliokuwa na bunduki. Baba alirudi mgonjwa, na hatukuwa na pa kupanda hata sukuma wiki. Mtoto wa Kimani alinitaka. Yeye hakuwa amempiga mtu, nikaolewa. Kifungua mimba wetu akawa mvulana, na kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Nilikuwa nimelala kitandani nikasikia wanawake nje wakimpigia vigelegele Kimani.

Nilimnyonyesha, nilimpenda, nampenda mpaka leo. Ila hilo jina halikuwahi kutoka mdomoni mwangu. Namwita "wewe kijana", na ana mvi.

Juzi akaja. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Mami, tunakarabati msalaba. Kamati imekubali tuongeze jina la nyanya yangu, cucu Wambui."

"Wapi?"

"Chini ya la babu, guka Kimani."

"Chini yake tena?"

Akajikuna kidevu. "Basi tutoe la guka."

"Usilitoe. Mkilitoa, wajukuu watauliza nani alimwua, na jiwe halitajibu. Andika: Wambui aliuawa hapa na Kimani, akinywa maji aliyoyachimba."

"Mami, hilo ni jina langu pia."

"Unafikiri sijui?"

Kamati iligawanyika. Shemeji zangu waliacha kunisalimia kanisani, na mmoja aliniambia nimemwaibisha marehemu. Nilimjibu kwamba marehemu alijiaibisha mwenyewe. Kijana hakubishana na mtu. Alileta fundi wa mawe kutoka Witeithie, akasimama naye mpaka herufi ya mwisho.

Siku ya kufungua nilienda, sijui hata kwa nini. Akanikingia maji kwenye kikombe, akaninyooshea kwa mikono miwili. Watu wote wakanitazama. Niliangalia mahali mama alipoangukia. Siku hizi pamewekwa saruji.

"Kimani," nikasema.

Alishtuka, kidogo aangushe kikombe.

"Mpe Wambui."

Alielewa. Akapiga magoti na suti yake, akamimina pale chini polepole mpaka kikombe kikaisha. Saruji hainywi, maji yakatiririka tu yakaenda.

Mimi sikunywa. Nilirudi nyumbani, na mwenye mkokoteni alikuwa ananingoja langoni na mtungi wangu.