Kitambaa cha Njano Mteremkoni

Njia panda ya shule yetu haijawahi kuona taa za kuongoza magari, lakini Mama Générose, mwalimu wa fizikia, alizifundisha kana kwamba fundi wa kuzifunga anafika kesho. Mimi nafundisha Kifaransa chumba cha pili, na sauti yake hainipi nafasi. "Njano haiko mapambo!" anapiga ubao. "Inamupa dereva wakati wa kushituka, wa kukanyaga breki, na wa gari kusimama. Mukiifupisha, munaua muntu."

Mume wake, Papa Augustin, huleta saruji kwa lori kutoka Kabimba. Akifika mteremko wa shule huzima moteri, lori lishuke lenyewe, ili abane mazutu, yaani dizeli. Wamegombana juu ya hilo mpaka sisi majirani tumechoka. Na binti yao Keren, wa darasa la kwanza, huvuka palepale chini ya mteremko.

Asubuhi ya zoezi, wanafunzi wake walipoigiza taa kwa vitambaa, Rosine alisimama kando ya barabara na vitambaa viwili, cha njano na chekundu. Mwenzake Élysée alishika cha kijani, cha kuruhusu kuvuka, upande wa watoto wadogo, waliopangwa nyuma ya mstari wa chaki. Wenye pikipiki walitii huku wakicheka. Hata mimi nilicheka.

Halafu lori likatokea kwenye kona ya juu, limejaa, kimya kabisa. Rosine akainua njano. Lori halikupunguza mwendo. Akainua nyekundu. Mkono wa Élysée ulikuwa tayari unapanda na kijani, na Keren, wa kwanza mstarini, alikwisha kunyanyua mguu.

"Élysée, shusha!" Mama Générose alipiga kelele. Hakulitazama lori, alitazama mkono ule tu. "Gari halijasimama, hakuna kijani!"

Élysée akashusha. Keren akarudisha mguu. Lori likapita mbele yao breki zikilia, likaukanyaga mstari na kwenda kusimama mbali. Nilimchukia Papa Augustin, sifichi.

Aliteremka akitoka jasho. "Mama Keren, breki imekatala."

"Haikukatala. Umezima moteri, njo umezima na nusu ya breki." Akamtupia kamba ya kupimia. "Pima. Toka kwa gurudumu mpaka kwa mustari."

Mbele ya wanafunzi wote, mwanaume mzima akarudi nyuma ameinama, akinyoosha kamba ile barabarani. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye mstari, mbele ya macho yake kulikuwa na viatu vya Keren, vyeupe kwa chaki. Akakaa chini hapohapo, asiweze kusoma kipimo.

Siku hizi lori lake tunalisikia likinguruma tangu kule juu. Mama Générose husimamisha somo, chaki mkononi, mpaka lipite.