Sahani Zisizorudi na Mto Uliokwama

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilipiga kabla ya alfajiri, ikaacha, kisha jua likatoka kali mpaka njia ya Nyangwe ikafuka mvuke kama sufuria. Nimerudi Kasongo na matope mpaka magotini, na moyo bado unaruka. Niandike sasa hivi, ingawa mimi shule niliachia la sita na mambo ya mashine nayajua kwa kusikia. Nikikosea, kosa ni langu, si la mdogo wangu.

Mdogo wangu anafundisha hesabu katika sekondari hapa mjini. Kazi ya moyo wake ni maji ya Lualaba. Hapimi yeye: wapiga kasia wa Nyangwe ndio wanaosoma mti wenye alama uliosimikwa majini, kila asubuhi, bure, kisha wanamtumia namba kwa simu. Namba hizo ameziandikia programu kwenye kompyuta yake, yenye taa ya kurusha picha ukutani. Mstari wa buluu unapanda na kushuka ukutani, siku baada ya siku, mpaka unaona mto unapumua. Siku ya kwanza kuuona nilipiga kigelegele peke yangu.

Mwezi uliopita tulienda Nyangwe kuwaonyesha wapiga kasia wenyewe. Mto ulitembea vizuri, halafu ukaanza kuburuta miguu, na ulipokaribia mwaka wa maji makubwa, ule ambao kila mtu pale alikuwa anaungoja, ukaganda. Mashine haikusikia tena. Mzee wao, ambaye mara nyingi ndiye anayesoma mti, akasema kwa sauti:

"Mama mwalimu, Lualaba yako imekauka!"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia: "Kumbe tunalowana kila asubuhi kwa ajili ya mto wa kukwama?"

Lazima niseme kweli: walikuwa na haki. Nani ataamka gizani kwa ajili ya picha isiyofika? Mzee akasema atatungoja mara moja tu tena. Ukikwama, ule mti watafungia mitumbwi, na namba basi.

Kwetu kitu kikizima, wa kwanza kushtakiwa ni betri. Tukaazima betri kubwa ya jirani. Mto ukakwama palepale. Mimi nikasema ni joto, nikaipepea mashine kwa ungo kama makaa. Palepale. Betri ya watu tuliisingizia bure.

Jumatatu hii mdogo wangu akafungua kidirisha kinachoonyesha kumbukumbu ya mashine imejaa kiasi gani, akaniita, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, angalia hii namba."

Kila picha mpya ya mto ilipochorwa, namba ilipanda. Haikushuka hata kidogo.

"Haichoki, yaya. Inajaa!"

Akaruka kutoka kitini, nami nikaruka. Sijui kwa nini kuujua ugonjwa kulitufurahisha hivyo na dawa bado hatuna. Akaanza kuwinda. Akaondoa rangi: namba ikapanda. Akaondoa majina ya miezi: ikapanda. Akaondoa mstari wa maji wenyewe: ikasimama, kimya! Tukapigana viganja. Lakini hapo akakwama, maana kila mstari wa zamani alikuwa anaufuta kabla ya kuchora mpya.

"Naufuta, yaya. Ukutani hauko tena. Sasa unakaa wapi?"

Mimi nilikuwa natafuta sahani ya kuepulia mikate ya mchele, siipati, nikawa nagombana na kabati. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mtu akikosa cha kutia, anakaa nayo mpaka apate.

"Sahani zangu zote ziko kwa watu," nikasema. "Hata ile ya maua niliyompelekea mke wa mzee kule Nyangwe. Jikoni hazimo, lakini hazijapotea. Kuna mtu amezishika."

"Rudia hapo."

"Wapi? Sahani?"

"Mwisho! Kuna mtu amezishika!"

Akakimbilia mashine. Ndani ya programu palikuwa na mahali alipokuwa anaweka kila mstari aliokwisha kuufuta, ili mtu akisema rudisha nyuma, aweze. Ukutani mstari ulitoka, mkononi ulibaki, na mashine haitupi kitu ambacho bado kimeshikwa. Sitaki ionekane ni mimi niliyegundua. Yeye alikuwa ameshafika mlangoni. Mimi niligonga sahani tu, tena sahani ambayo haikuwepo.

Akaandika upya: mstari uwe mmoja, usogezwe tu, asizaliwe mwenzake. Kwa kurudi nyuma atashika namba tu, ambazo ni nyepesi, na achore akiombwa. Tukauacha mto utembee mpaka alasiri. Namba ikatulia kama paka juani.

Leo, Nyangwe, mzee alikaa mbele kabisa, mikono kifuani. Mto ulipofika mwaka wa maji makubwa sikupumua. Ukapanda, ukapanda, ukapita! Watu wakapiga makofi. Ukaja mpaka ncha yake, mzee akasimama:

"Ile namba ni yangu ya leo asubuhi!" Kisha akaamuru: "Mama mwalimu, rudisha kwenye maji makubwa."

Nikamtazama mdogo wangu, maana ndicho hasa tulichokigusa. Mdogo wangu akabonyeza. Maji makubwa yakachorwa upya, yote.

"Hapa," mzee akamgeukia shemeji yake, "maji yalifika kitandani kwako, na wewe unabishaga! Kesho zamu ya nani kwenye mti? Asilale."

"Si ulisema utafungia mtumbwi?" shemeji akamrudishia.

"Nani? Mimi?"

Tulipokuwa tunafunga mizigo, mke wake akaniletea sahani yangu ya maua, imefunikwa jani la mgomba.

"Usiseme nilikaa nayo, dada. Nilikuwa nangoja samaki."

Jioni tumekula wale kambale wa moshi, nimewapika kwa mawese, na sombe ya majani ya muhogo na wali, vyote kwenye sahani hiyo moja, maana zingine bado ziko kwa watu.